Wenzangu wanapitisha kadi tutoke chama kikubwa. Nisaini?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni rubani msaidizi, mwaka wa sita sasa, kwenye shirika moja la ndege hapa Marekani. Tumeungana na shirika jingine, na msuluhishi ametoa orodha mpya ya ukongwe kazini. Wengi wetu tumeshuka. Wenzangu wanasema chama chetu cha taifa kimetuuza, wanapitisha kadi tujitoe tuanzishe chetu. Nisaini?
*Rubani wa kiti cha kulia*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hasira yako naielewa vizuri. Namba yako kwenye orodha ile ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, sikukuu utakuwa nyumbani au hotelini, na lini utahamia kiti cha kushoto, yaani cha kapteni. Lakini kabla hujashika kalamu, jiulize unatibu ugonjwa gani.

Njia hiyo marubani wa US Airways walishaipita. Shirika lao liliungana na America West mwaka 2005, na Mei 2007 msuluhishi George Nicolau akatoa orodha. Watu wa mashariki, yaani wa US Airways ya zamani, wenye zaidi ya miaka 15 kazini wakajikuta wamewekwa jirani na vijana wa magharibi, wa America West, walioajiriwa juzi tu. Iliuma, na mimi ingeniuma. Kwa kuwa wao ndio waliokuwa wengi, mwaka 2008 waliiangusha ALPA, chama kikubwa cha taifa cha marubani, kwa kura wakaunda chama chao, USAPA, kwa ahadi kwamba tarehe ya kuajiriwa ndiyo itakayofuatwa. Wa magharibi wakaenda mahakamani, maana sheria inakibana chama chochote, kiwe kikubwa au kidogo, kimwakilishe kila rubani kwa haki, hata yule aliyekikataa. Makundi yale mawili yakaendelea kuruka kwa mikataba miwili, mishahara ikibaki nyuma ya wenzao wa mashirika mengine, mpaka muungano na shirika la American Airlines ulipofika mwishoni mwa 2013. Chama kilibadilika, ugomvi ukabaki pale pale, kwa sababu ulikuwa wa marubani kwa marubani.

Sisemi kujitoa ni kosa siku zote. Marubani wa American walitoka ALPA mwaka 1963 na chama walichounda kipo hadi leo. Wao walikuwa wamekosana na makao makuu, si wenyewe kwa wenyewe. Wa FedEx nao walitoka, halafu mwaka 2002 wakarudi.

Kuhusu utaratibu, kusaini kadi si kupiga kura. Zikipatikana kadi za angalau nusu ya marubani wote, Bodi ya Taifa ya Upatanishi, chombo cha serikali ya Marekani, ndiyo inayoitisha kura. Mkataba wenu hautakufa siku hiyo, chama kipya kitaurithi kama ulivyo, pamoja na mabaya yake.

Sasa nikueleze langu. Kadi kama hiyo niliwahi kuwa nayo mfuko wa shati siku tisa, haijasainiwa, kona zimeanza kujikunja. Nilikuwa nimechukia ada, nimechukia viongozi wasiopokea simu. Siku ya kumi daktari wa ukaguzi akasikia moyo wangu ukiruka mapigo, cheti changu cha afya kikasimamishwa. Jioni ile nilimpigia daktari wa chama. Akanitajia vipimo vitatu, kipi kitangulie, na barua ya bingwa wa moyo iandikweje ili isirudishwe. Nililala na nyaya tano kifuani. Baada ya miezi saba nilirudi angani. Kadi niliikuta kwenye mashine ya kufulia, imekuwa uji.

Kwa hiyo usisaini ukiwa chumba cha marubani, umesimama, mwenzako anakuangalia. Wakalishe wanaopitisha kadi uwaulize: madaktari wetu watakuwa nani? Ndege yetu ikianguka, wachunguzi gani waliofunzwa watakwenda kusimama upande wa rubani? Mawakili wa miaka miwili ya kwanza watalipwa na nini? Na hasa hili: hao tuliounganishwa nao mmeshaongea nao? Wakikujibu hilo la mwisho kwa majina na tarehe za vikao, wasikilize kwa makini. Wakikwambia "tutawashinda kwa wingi wetu", rudisha kadi.

Niandikie tena ukishapata majibu yao.