Mwalimu Unayekwenda Nje, Ulizia Nyumba Kabla ya Mshahara

Mwezi uliopita, jioni moja yenye upepo na vumbi la kawaida la Dodoma, mwalimu mwenzangu niliyefundisha naye zamani katika sekondari moja ya Wilaya ya Chamwino alinitembelea nyumbani Nzuguni akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua mbili za ajira, moja kutoka shule binafsi ya Kigali na nyingine kutoka shule binafsi ya Muscat, Oman, na zote zilimtaka afundishe hisabati. Alizitandaza mezani, akaweka kidole kwenye tarakimu ya mshahara ya ile ya Muscat, akasema, "Dada, nimekuja unishauri, ingawa naona jibu liko wazi. Hii ina hela."

Nilimwomba aniachie barua hizo kwa usiku mmoja. Nilikuwa nimeshaona neno lililonigharimu miaka minne ya maisha yangu, nalo lilikuwa limeandikwa katika mstari mmoja mfupi chini ya mshahara: "pamoja na malazi."

Mimi niliondoka Dodoma mwaka 2017 na nikarudi mwaka 2022. Mkataba wangu wa kwanza wa Muscat ulikuwa na maneno hayo hayo, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kulipa kodi ya pango ya miezi sita kwa mkupuo pale Ilazo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali aliyenizungusha kwa bodaboda mchana kutwa akinionyesha vyumba ambavyo vingine vilikuwa vimeshachukuliwa, niliyasoma maneno hayo kama mtu anayesoma msamaha wa deni. Sikuuliza malazi hayo ni ya namna gani, yako wapi, na nitaishi na nani. Niliuliza tu tiketi ya ndege inalipwa na nani.

Gari la shule lilinipokea uwanja wa ndege na kunipeleka Seeb, pembezoni mwa jiji la Muscat, kwenye fleti ya vyumba vitatu iliyokuwa na walimu watano wa kike. Malazi yangu yalikuwa kitanda kimoja katika chumba cha watu wawili. Jokofu lilikuwa moja, na kila rafu yake ilikuwa na utepe mweupe ulioandikwa jina la mwenye rafu. Yangu ilikuwa ya chini kabisa, pale ambapo maji ya barafu hutuama. Kiyoyozi cha chumbani kilikuwa cha kupachikwa dirishani, kikidondosha maji ndani ya ndoo tupu ya rangi, na mwenzangu wa chumba, mwalimu wa kemia kutoka India, alinionyesha usiku wa kwanza namna ya kuimwaga ndoo ile kabla haijajaa, kwa sababu ikifurika maji huingia chini ya vitanda. Shule yenyewe ilikuwa upande wa Ruwi, mwendo wa kilomita zaidi ya 30, hivyo gari lilitupitia saa kumi na moja na robo alfajiri, na aliyeachwa alijilipia teksi kwa fedha ambayo ingetosha chakula cha siku mbili.

Hayo yote ni usumbufu, na mwalimu aliyewahi kupangiwa kazi kijijini Bahi au Mpwapwa kwenye nyumba isiyo na dari anajua kuvumilia usumbufu. Kilichonifundisha ni jambo lililofuata. Mwaka wa pili mwenzetu mmoja aligombana na uongozi kuhusu malipo ya likizo, mkataba wake ukasitishwa, na akapewa siku tatu kuondoka katika fleti. Hakuwa na ndugu pale, hakuwa na chumba pengine, na muda wa kudai haki yake kwenye mamlaka za kazi ulikuwa mrefu kuliko siku tatu. Alikubali alichopewa, akapanda ndege. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwajiri anayekupa nyumba ameshika ufunguo wako pamoja na mshahara wako, na kwamba ugomvi wowote na yeye unauanza ukiwa tayari umeshikwa pabaya. Tangu siku hiyo hata jambo dogo, kama kukatwa sehemu ya bili ya umeme wa kiangazi bila kuonyeshwa bili yenyewe, tulilimeza tu.

Aliyenifungua macho alikuwa bibi mmoja mwenye duka la vitambaa Seeb. Wasomaji wengi watakuwa wanajua kwamba Muscat ina watu wengi wenye asili ya Zanzibar, na Kiswahili unakisikia sokoni, hospitalini, hata kwenye foleni ya benki. Nilimwamkia kwa shikamoo baada ya kumsikia akimkemea mjukuu wake, naye akaitikia marahaba, akanivutia kiti. Nilipomweleza ninapoishi alisema, "Mwanangu, waambie wakupe pesa ya nyumba, nyumba utaitafuta mwenyewe. Hivyo ulivyo, umelala mfukoni mwao."

Kwa wakati ule kuhama shule haikuwa rahisi, kwa sababu mfanyakazi wa kigeni alihitaji barua ya mwajiri wake ya kutokuwa na pingamizi ndipo aajiriwe na mwajiri mwingine ndani ya Oman. Sharti hilo liliondolewa kuanzia Januari 2021 kwa aliyemaliza mkataba wake, nami mwaka huo huo nilihamia shule nyingine. Safari hii niliomba posho ya nyumba, nikapata rial 120 kwa mwezi juu ya mshahara wa msingi, na kwa rial 110 nikapata chumba chenye choo na bafu lake katika nyumba ya familia moja Al Ghubra, dakika 12 kwa miguu hadi lango la shule. Nililipa mwezi mmoja wa mbele na mwezi mmoja wa amana. Kwa aliyezoea madalali wa Dodoma na kodi ya nusu mwaka, hilo lilikuwa jambo la kushangaza.

Lakini posho nayo ina mtego wake, na huu walimu wengi hawauoni mpaka siku ya kuondoka. Kiinua mgongo cha Oman hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake, na posho haziingii. Chini ya sheria ya kazi iliyotoka mwaka 2023 kipimo ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Wakati wangu kilikuwa siku 15 kwa kila mwaka katika miaka mitatu ya mwanzo, kisha mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofuata. Kwa hiyo shule inayokuandikia msingi mdogo na kujaza posho nyingi inakupa kwa mkono wa kulia na kukunyang'anya kwa wa kushoto. Ukiona barua yenye jumla nono, tenganisha msingi na mengine kabla hujafurahi.

Nikirudi kwenye barua za mwenzangu, asubuhi yake tulikaa na kikokotoo. Ile ya Kigali ilikuwa ya faranga 1,200,000 kwa mwezi bila nyumba. Rwanda hutoza kodi ya mshahara kwa ngazi: faranga 60,000 za kwanza hazitozwi, zinazofuata hadi 100,000 hutozwa asilimia 10, hadi 200,000 asilimia 20, na zote zinazozidi hapo asilimia 30. Kodi peke yake ilikuwa faranga 324,000. Mchango wa pensheni wa mfanyakazi, ambao tangu Januari 2025 ni asilimia 6, ulikuwa 72,000, na baada ya makato mengine madogo alibakiwa na kama laki nane. Tukasema, iwapo chumba na sebule kingemla laki mbili na nusu, angebaki na laki tano na nusu kabla ya chakula na nauli.

Ile ya Muscat ilikuwa rial 420. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola kwa miaka mingi, na moja ni sawa na dola 2.60, kwa hiyo ilikuwa takriban dola 1,092, na mshahara wa mwalimu pale haukatwi kodi ya mapato. Sitaki kumdanganya mtu: kwa hesabu ya fedha Muscat iliishinda Kigali kwa mbali, na hata ukiondoa chakula na usafiri bado iliishinda. Mwenzangu alinitazama kwa macho ya "nilikwambia."

Nikamuuliza mtoto wake atalala wapi. Ana binti wa miaka minne anayemlea peke yake, na hakuwa amefikiria kwamba "malazi" yanaweza kuwa kitanda. Katika fleti ya walimu watano mtoto hakai. Kumleta mtoto ni shughuli nyingine ya vibali, nayo haianzi kabla hujawa na nyumba unayoweza kuitaja kuwa yako. Kigali, kwa upande mwingine, ni mwendo wa basi kupitia Singida, Kahama na mpaka wa Rusumo, nchi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ni lugha rasmi huko tangu 2017. Mama akiugua Kondoa, mtu anafika. Mambo hayo hayamo kwenye kikokotoo, na mimi nilizika baba yangu mdogo kwa simu, kwa hiyo siyapuuzi.

Wengine huniuliza habari za Uingereza. Nieleze kwa ufupi: huduma ya kuwatambua walimu wa nje kwa sifa ya ualimu wa England ilipopanuliwa Februari 2023, nchi za Afrika zilizoongezwa zilikuwa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Tanzania haikuwamo. Anayekuahidi njia ya mkato ya kufundisha huko kwa ada ya laki kadhaa, mwombe kwanza akuonyeshe leseni yake ya uwakala wa ajira, kisha iulizie TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira.

Kuna jambo la nyumbani ambalo mwenzangu alitaka kulipita haraka, nami nikamrudisha. Yeye ni mtumishi wa umma mwenye miaka 11 kazini, sawa na miezi 132 ya michango PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, wakati sharti la kupata pensheni ya kila mwezi ni miezi 180. Kwa hiyo barua ya kwanza ya kuandika ni ya kuomba likizo bila malipo, kabla ya barua ya kuacha kazi, na majibu yake yasubiriwe kwa maandishi. Kutoonekana kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu, na kufukuzwa si sawa na kuacha. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi kwa sababu nilikuwa na haraka, na leo nafundisha shule binafsi hapa mjini nikiwaangalia wenzangu wa rika langu wakihesabu miaka yao ya kustaafu. Deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nalo halisimami kwa kuwa umevuka mpaka. Kazini hapa hukatwa asilimia 15 ya mshahara bila kukuuliza, kule itabidi ulipe mwenyewe, na ni rahisi mno kusahau.

Vyeti havina ugumu siku hizi ukilinganisha na zamani. Mwaka 2017 nilisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam mara tatu, mara mbili kati ya hizo kwa muhuri mmoja tu. Sasa Wizara ya Mambo ya Nje iko hapa Dodoma, Mtumba, na kinachobaki Dar ni ubalozi, ambao kwa treni ya umeme, nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, unaweza kuuwahi asubuhi na ukarudi kulala kwako. Shida ni moja: jina. Hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti ni lile lile, herufi kwa herufi, kabla hujaanza kugonga mihuri.

Baada ya hapo tulimwandikia mwajiri wa Muscat barua pepe ya maswali manne, na nikamzuia asiongeze la tano kwa sababu maswali mengi hujibiwa nusu. Malazi ni chumba cha mtu mmoja au cha wangapi? Yako mtaa gani, na gari la shule linapita saa ngapi? Asiyetaka malazi hupewa posho kiasi gani? Mkataba ukisitishwa, anakaa siku ngapi kabla ya kuondoka? La Kigali lilikuwa swali moja tu, kama shule inaweza kumkopesha pango la mwezi wa kwanza na kumkata kidogo kidogo.

Kigali walijibu kesho yake kwamba inawezekana. Muscat walichukua siku tisa. Chumba ni cha watu wawili, anayetoka kazini anapewa siku saba, na asiyetaka malazi hupewa rial 90 kwa mwezi. Kuhusu mtaa hawakusema kitu. Amewaandikia tena kuuliza mtaa, na amewaomba wiki mbili kabla ya kusaini. Nami nimempa namba ya simu ya bibi wa Seeb, ili aulizie kama rial 90 leo zinapata chumba cha mama na mtoto, na kama zinapata, ni umbali gani kutoka shuleni.