Umefika, kaka?

Jumapili iliyopita binamu yangu wa Pangani aliandika kwenye kundi la familia: "Kaka, wewe umeshafika. Sisi huku tutafika lini?" Shangazi akaweka viganja vya dua, wengine wakacheka, mimi nikarusha kidole gumba kwa sababu nilikuwa zamuni. Leo niko mapumziko, nitajibu vizuri, na nitaanzia kwenye hilo hilo neno lenu.

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, niliingia saa moja kamili asubuhi. Ni nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yangu ni kuwaogesha, kuwalisha, kuwabadilisha nepi na kuwasikiliza. (Naitaja kwa sababu nasikia huko Pangani mimi ni daktari. Sijawahi kuwa daktari.) Jikoni palikuwa na ubao, na kwenye ubao pameandikwa kwa herufi kubwa: FIKA 9.30. Nikashtuka. Nani hapa anajua Kiswahili? Na kama ni mimi naambiwa nifike saa tatu na nusu, mbona nimeshafika?

Ilipogonga saa tatu na nusu kila mtu akaacha alichokuwa anafanya, wakakaa mezani na kahawa na mikate ya mdalasini. Hiyo ndiyo fika ya Waswidi: kuketi, kunywa kahawa, kutafuna kitu kitamu, kuzungumza. Wanaifanya kitenzi pia. Mtu atakuuliza "Ska vi fika?", anakualika kikombe. Mimi sikuketi. Marehemu baba alitufunza kwamba mgeni kazini hajiweki meza moja na bosi, basi wiki mbili nzima wao wanafika, mimi nasugua masufuria, nikingojea kusifiwa. Mwishowe msimamizi akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama kuna mwenzangu aliyenikosea. Walikuwa wanajadiliana mezani kwa nini nawachukia.

Asili ya neno lenyewe itawafurahisha. Kahawa wao huiita kaffe, na zamani pia kaffi. Watu wa mitaani wakageuza silabi, kaffi ikawa fika. Mtoto wa pwani hahitaji maelezo hapo: ni kinyume, ule mchezo wetu wa kuzungumza mbele ya wakubwa wasituelewe, nyumba ikawa mbanyu. Sidai kwamba nao walikuwa wanajificha, ingawa serikali yao iliwahi kupiga marufuku kahawa mara kadhaa, kuanzia 1756 hadi miaka ya 1820. Sisi nasi kafi tunalo, ila letu ni la kupigia mtumbwi. Ligeuze, unapata fika. Mvuvi wa Pangani alilijua hilo bila mchezo wowote.

Sasa kwenye fika huliwa nini? Huliwa kaka. Kwa Kiswidi kaka ni keki au biskuti, na hata tovuti ikitaka kukuwekea vile vijifaili vya kukufuatilia kwenye intaneti, inakuomba ukubali "kakor", yaani makaka mengi. Ndiyo maana mkinipigia simu ya video mkaanza "Kaka! Kaka!", wenzangu hudhani mna njaa. Lakini siku moja nilimwita Mtanzania mwenzangu "kaka" ndani ya basi, akageuka abiria mwingine kabisa, Mkurdi. Kwa Kikurdi kaka ni kaka, ndugu wa kiume aliyekutangulia, na hata asiye ndugu unamwita hivyo kwa heshima. Tulitazamana kama watu waliopoteana sokoni. Mpaka leo tunaitana hivyo. Mkienda Ujerumani msijaribu, maana kule kaka ni kile kinachopatikana kwenye nepi ya mtoto.

Na si maneno tu. Nilimuuliza bibi mmoja ninayemhudumia kama anataka chai, akabana midomo akavuta pumzi kwa ndani, shup! Nikajua nimesonywa. Nikatoka na chai yangu, na hasira. Kumbe kaskazini huku ndivyo wanavyosema "ndiyo". Bibi wa watu alikaa saa nzima akiisubiri chai.

Kwenye zamu yangu yupo dada wa Kibrazili. Kila akimaliza kuongea na mama yake kwenye simu, mama humuaga: "Fica com Deus." Hiyo "fica" hutamkwa fika hivi hivi. Nikamwuliza Deus ni nani, akasema ni Mungu. Nikanyamaza. Kwetu mtu akikutakia ufike kwa Mungu, anakuombea msiba. Akacheka hadi machozi, akanieleza kwamba kwa Kireno fica ni kaa, baki. Baki na Mungu. (Kwa Kiitaliano lipo pia, lakini hilo sitalieleza mbele ya shangazi.)

Basi binamu, ukiniuliza kama nimefika, mimi nakuuliza kwa lugha ipi. Kwa Kiswidi nafika kila siku ya kazi, saa tatu na nusu. Kwa Kireno, ndiyo, nimebaki, mwaka wa tisa sasa. Kwa Kiswahili chako, kile cha mtu aliyefanikiwa, nina chumba kimoja na jiko, mshahara unaoingia tarehe yake, na Desemba ambayo jua huchomoza saa tatu na nusu hivi asubuhi na kuzama kabla ya saa nane mchana. Naingia kazini gizani, natoka gizani. Pesa ninayowatumia hubaki baada ya kodi ya serikali, kodi ya chumba na basi. Mwezi nisipotuma, si kwamba nimewasahau. Haikubaki.

Na baba alipofariki asubuhi ile, mlimzika alasiri. Hilo ni sawa, ndiyo dini yetu. Mimi nilikuwa namlisha mzee wa watu uji. Mjomba hadi leo akinipigia huniambia, "Hukufika." Kwa Kiswahili hicho, kweli sikufika.

Kuhusu yule dalali anayekuomba pesa akutafutie kibali cha kazi ya usafi huku: usimpe hata shilingi. Kibali kinaanza na mwajiri aliyekupa kazi kwa maandishi, na Novemba 2023 walipandisha mshahara unaotakiwa hadi asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi, yaani wa yule aliye katikati ukiwapanga wafanyakazi wote kwa mshahara. Kazi nyingi za kufagia hazifiki hapo. Ukimaliza chuo cha uuguzi, nitumie vyeti, tutakaa tuangalie pamoja. Hilo naahidi.

Nitakuja mwezi wa saba, inshallah. Shangazi, tafadhali usinitengee kile kiti cha daktari. Mwambie muuza kahawa apitishe dele na kashata zake, nitakuwa barazani na wavuvi.