Jibu kwa mleta mada wa Tanga: laivu acha, nenda masjala

Mdogo wangu, usirushe hiyo laivu. Pole ya msiba nitakupa huko chini nikikumbuka, kwanza weka simu mezani.

Kwa waliochelewa: mleta mada kasema kaka yake aliuawa, kesi imeisha juzi Mahakama Kuu hapa Tanga, mshtakiwa katiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kapewa miaka sita. Mji umewaka toka Ngamiani mpaka Raskazone kwamba jaji kala rushwa. Anauliza vitu vitatu: familia inakataje rufaa, nakala ya hukumu inapatikana wapi, na laivu yao ya Jumamosi mbele ya mahakama wairushe saa ngapi ili watu wawe wengi. Na kamalizia kwa kusema kuna shahidi mmoja "tunamjua aliyemnunua, tutamtaja jina".

Hapo kwenye kutaja jina ndipo chai ilipokwama kooni.

Mimi nimelitaja jina. Kwetu aliuawa mtoto wa mama mdogo, ugomvi ulioanzia kwenye shughuli ya harusi, Makorora. Mshtakiwa alikuwa mtoto wa mzee mwenye magari yake, kwa hiyo kesi haikuwa yetu tena, ilikuwa ya mji. Kila kijiwe cha kahawa kilikuwa na jaji wake, na majaji wa kahawa hawaahirishi kesi. Siku ya hukumu watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Shtaka lilikuwa mauaji, jaji akasema kuua kwa kukusudia hakujathibitishwa, akamtia hatiani kwa kosa dogo zaidi, akampa miaka michache. Nje pakalipuka. Mama mdogo kaanguka, wajomba wanapiga kelele, na mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma soma kidogo kwenye ukoo, nikasukumwa mbele.

Akatokea kijana wa hizi televisheni za mtandaoni, kofia kaigeuza nyuma, maiki ina nembo kubwa kuliko kichwa chake. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo: "Kaka, mnyonge rufaa yake ni kelele. Sema yote, taja majina, hii inafika kwa wakubwa leo leo." Nikasema yote. Nikasema jaji kapewa bahasha. Nikasema yule mama muuza vitumbua, shahidi wa upande wetu wenyewe, kanunuliwa ndiyo maana aliongea kwa kigugumizi kizimbani, na kama mnabisha nendeni mkaangalie paa lake, bati jipya linang'aa, mama wa vitumbua kalitoa wapi? Nilijiona mimi ndiye wakili mkuu wa taifa hili. Klipu ikatrendi. Watu nisiowajua wananiita shujaa, mmoja akaniomba nigombee udiwani.

Sasa sikiliza yaliyofuata, na usome polepole maana hili ndilo limenifanya niandike.

Yule mama alikuwa anakaanga vitumbua alfajiri kwenye kibaraza chake. Asubuhi ya pili wateja hawakuja. Asubuhi ya tatu ukuta wake ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, MSALITI, herufi kubwa, na S imegeuzwa kama mtoto wa chekechea ndiye aliyeandika. Mwanawe akapigwa maneno shuleni. Bati lile, ilikuja kujulikana, lilikuwa mkopo wa kikoba, na wanakikoba wenzake wote walilijua, akiwemo shangazi yangu mwenyewe ambaye hakuwa ameulizwa na mtu. Nilikuwa na mtu wa kumuuliza ndani ya nyumba yetu, nikaenda kuuliza maiki.

Ikaja barua ya wakili: niombe radhi hadharani na nilipe, la sivyo tukutane mahakamani na mengine yapelekwe polisi. Na hapo ndipo mtu mmoja mwenye akili akanionyesha kuwa kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu chake cha 16 kinasema nini juu ya kuchapisha taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Nikapiga hesabu. Muuaji wa ndugu yangu na mimi tungeweza kuwa gereza la Maweni pamoja, tena mimi nikatoka baada yake. Cheka tu, mimi pia nacheka, ila nilicheka baada ya kuuza pikipiki.

Wazee wakanipeleka kwa yule mama. Akatupokea, akatupa maji, akasikiliza, akasema nimesamehe. Hela akapokea. Lakini nikipita pale na salamu yangu, anainamia karai lake mpaka nimalize kupita.

Na bado sijafika kwenye lililoniuma zaidi.

Makelele yalipopoa ndipo tukakumbuka kutafuta hukumu yenyewe. Nani kati yetu alikuwa ameisoma? Hakuna. Mji mzima ulikuwa umeikasirikia karatasi ambayo hakuna aliyeishika. Iliandikwa kwa Kiingereza cha kwao, tukampelekea mwalimu mstaafu wa mtaa wetu, akavaa miwani, akawa anatusomea barazani ukurasa kwa ukurasa, akitafsiri. Utetezi wa mshtakiwa, kumbe, ulikuwa kwamba siku ile hakuwepo Makorora kabisa. Alileta na mashahidi wa kusema alikuwa Pangani. Na jaji aliukataa utetezi huo kwa sababu moja kubwa: ushahidi wa mama wa vitumbua. Aliandika kuwa shahidi alisitasita kwa uoga lakini hakuyumba kwenye jambo la msingi, alimwona kwa mwanga wa taa ya kibarazani, anamjua toka mtoto. Bila yeye mshtakiwa angetoka siku ile ile anakwenda nyumbani kula pilau. Mwalimu alipomaliza aya ile alivua miwani akanitazama. Hakusema kitu, na mimi nikajifanya naangalia simu.

Na kwa nini haikuwa mauaji ya kukusudia? Yalikuwemo humo humo: pigo moja, hakuja na silaha, ugomvi uliwaka papo hapo, marehemu alianguka kichwa kikapiga ukingo wa zege. Unaweza kubishana na jaji hapo, mimi mpaka leo nabishana naye nikiwa naoga. Lakini ni hoja, siyo bahasha. Kuua kwa kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu ni moja tu, kunyongwa, jaji hana pa kuchagua hata akitaka. Kuua bila kukusudia, kifungu cha 198, ni hadi kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji anashuka kulingana na mazingira. Mahakama ina mwongozo wake wa adhabu: uzito wa juu ni miaka 10 mpaka maisha, wa kati 4 mpaka 10, wa chini unashuka mpaka kuachiwa kwa masharti. Kwa hiyo hiyo miaka sita yenu imekaa kwenye daraja la kati. Huenda kaka yako alistahili la juu. Utajuaje kama hujaona jaji kapima nini? Na miaka aliyokaa mahabusu imehesabiwa vipi? Hujui. Mimi pia sikujua, nikapanda laivu.

Msinione nawasema watu wa Tanga peke yao. Novemba 2017 mwigizaji Lulu alipopewa miaka miwili kwa kifo cha mwigizaji mwenzake Kanumba nchi nzima iligawanyika, hawa wanasema binti kaonewa, hawa wanasema kapewa likizo, na Mei 2018 alipotolewa amalizie adhabu kwa kutumikia jamii tukaanza upya. Waulize wale wale leo kosa lililothibitishwa lilikuwa lipi. Wengi watakwambia mauaji, wakati lilikuwa kuua bila kukusudia.

Sasa rufaa, kwa kuwa uliuliza. Familia ya marehemu haina rufaa. Kesi ni ya Jamhuri. Anayeweza kwenda Mahakama ya Rufani kulalamikia adhabu ndogo au mtu kuachiwa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na notisi ya rufaa inatakiwa iingie ndani ya siku 30 toka uamuzi. Thelathini! Sisi zote tulizila kwenye mahojiano. Tulipofika ofisi ya mashtaka, wakili wa serikali, kijana mpole tu, alifungua kalenda kwanza kabla ya faili. Akatuuliza mlikuwa wapi. Mjomba akamjibu, kwa fahari kabisa, "Tulikuwa tunatrendi." Akatueleza kuwa kuongezewa muda kunaombwa, lakini lazima kuwe na sababu ya msingi, na hiyo ya mjomba haimo.

Na kabla hamjaniambia kelele husaidia: kesi ya Zombe, yule ofisa wa polisi, mnaikumbuka? Wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliuawa 2006, mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia polisi wote walioshtakiwa. Kelele zilikuwa kubwa mno. Kelele hazikumrudisha mtu kizimbani. Kilichofanya kazi ni rufaa ya Jamhuri, mpaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao na kumhukumu kunyongwa, Zombe mwenyewe na wenzake wengine wakabaki huru. Miaka saba ya makaratasi. Hakuna aliyekuwa laivu.

Yule kijana wa maiki nilimtafuta barua ya wakili ilipofika. Simu ya kwanza akasema yuko Handeni kwenye tukio. Ya pili akasema klipu ni mali ya kampuni. Ya tatu haikupokelewa. Klipu yangu ilibaki hewani muda wote ule ikimwingizia watazamaji huku mimi nauza pikipiki, na alipoifuta hakunipigia. Na wale shujaa shujaa? Wiki iliyofuata walikuwa wanagombana na refa wa mechi ya Coastal Union. Hakuna hata mmoja aliyekuja na kilo ya sukari kwa mama mdogo.

Na wewe uliyemjibu mleta mada hapo juu kwamba "haki haipatikani kimya kimya, washeni moto wakuu", wewe una ndugu kwenye kesi hii? Una jina utakaloliandikia barua ya kuomba radhi? Kaa pembeni. Na yule aliyetoa namba ya "wakili" wa kuwafungulia familia rufaa kwa bei poa, huyo ni kishoka, nimekwishaeleza kwamba rufaa hiyo familia haina, sasa atafungua nini, dirisha?

Mdogo wangu, kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka moderata anifungie: karatasi kwanza, mdomo baadaye. Usiseme neno lolote juu ya hukumu ambayo hujaisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Si kwa maiki, si kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, si kijiweni. Watu watakuuliza, sema "tunasubiri nakala". Watakuita mwoga. Waache. Mama akilia, mpeleke nyumbani, usimpeleke mbele ya kamera. Mjomba wa kupiga kelele kila ukoo unaye, mpe kazi ya kwenda kununua kitu mbali.

Jumatatu asubuhi mapema, wewe na mtu mmoja mtulivu (mmoja, sio kumi na fulana za picha ya marehemu), nendeni masjala ya Mahakama Kuu na barua ya kuomba nakala mliyomwandikia Naibu Msajili. Iandikeni namba ya kesi, maana kwa jina la marehemu hamtapata kitu, faili limefunguliwa kwa jina la mshtakiwa. Wakati mnasubiri angalieni na TanzLII, tovuti ya hukumu, maana hukumu nyingi za Mahakama Kuu zinawekwa pale bure, tafuta kwa jina la mshtakiwa. Ikipatikana, tafuteni mtu wa kuwasomea yote, mkiweza mbele ya yule shahidi mnayesema kanunuliwa. Muulizeni yeye mwenyewe la bati lake, sijui kwenu ni la bati au la friji, kila kesi ina cha kwake. Siku hiyo hiyo nendeni ofisi ya mashtaka mkaonane na wakili wa serikali aliyeendesha kesi, mumuulize kama wanakusudia kukata rufaa juu ya adhabu, na mumpe malalamiko yenu kwa maandishi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila huo muhuri msiondoke. Hukumu imesomwa juzi, kwa hiyo siku zimeshaanza kuhesabiwa tangu ulipokuwa unaandika uzi huu.

Pole sana kwa kaka yako, nimekumbuka. Mungu ampe kauli thabiti.

Na lile tangazo la laivu lenye picha ya shahidi mliyoizungushia duara jekundu, lifute sasa hivi, maana mwenzako nimeletewa saa hii kwenye grupu la mtaa, na aliyelileta ni mtu wa mtaa wa huyo shahidi.