Kuumwa mapaja si kipimo cha mazoezi

Mdogo wangu, umeuliza kama siku ukiamka huumwi popote, basi mazoezi ya jana yalikuwa kazi bure. Hapana. Maumivu yale yanakwambia tu kwamba msuli umepewa kazi usiyoizoea.

Mimi hukimbia hapa Kigoma, kutoka stesheni kupanda hadi Mwanga, kisha narudi. Wiki ya kwanza niliumwa mapaja mpaka kuchuchumaa chooni nikawa nashika ukuta. Na kilichoniumiza zaidi ni kule kushuka, wala si kupanda: msuli unapofunga breki huku unavutwa, nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu hayaji palepale, yanakolea kati ya saa 24 na 72. (Ile hadithi kwamba maumivu haya huletwa na asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na msuli ukifanya kazi kwa nguvu, kuganda kwenye misuli achana nayo, asidi hiyo huisha mwilini ndani ya saa moja hivi.)

Wiki ya nne, mlima uleule, siumwi kitu na muda nimepunguza. Sasa hapo niseme nimezembea? Hata wale vijana wanaopakua magunia kule Kibirizi hawaamki wakichechemea kila siku, na nguvu wanazo.

Wewe angalia pushapu umeongeza ngapi, au kama pumzi inakaa zaidi kuliko mwezi uliopita. Ila ukiona msuli umevimba sana na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hapo figo ziko hatarini.