Kabla ya kuandika dhamira, ishike hirizi mkononi

Nilipokuwa kidato cha tano niliandika kwenye daftari, chini ya Utendi wa Mwana Kupona: "Dhamira: utii wa mke." Mwalimu akaweka vema, nami nikafunga daftari. Miaka ikapita ndipo nikang'amua kwamba utendi ule sikuwa nimeusoma.

Siku hizi mwanafunzi akiniuliza ahakiki vipi ushairi unaomhusu mwanamke, humwambia aanze na vitu, dhamira aiache kwanza. Tafuta kitu ambacho mshairi amekitaja, kisha ukiulize: kinatengenezwaje, nani hukivaa, hukaa wapi mwilini?

Chukua utendi huohuo. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Ni mgonjwa, maradhi yametimu mwaka, na anayeusiwa ni binti yake. Mapema kabisa anamwita: "Ndoo mbee ujilisi / na wino na qaratasi." (Hiyo "ndoo" si ya maji, ni Kiamu, lahaja ya Lamu, "njoo"; na "ujilisi" ni ukae. Usipoipa lahaja muda wake, picha nyingi zitakupita.) Beti chache mbele anataka kumpa hirizi, aifunge kwa uzi. Kisha kidani cha lulu na marijani.

Hirizi ile niliipita mara nyingi nikidhani ni pambo la lugha tu, mpaka siku nilipokaa karibu na shangazi yangu akimshonea mjukuu wake. Karatasi iliyoandikwa ilikunjwa hadi ikawa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ikatiwa kwenye kitambaa cheusi, ikashonwa pande zote, ikapitishwa uzi. Nikaduwaa. Kumbe hirizi ni maandishi! Wino na karatasi alivyoviagiza mama ndivyo vinavyogeuka kinga ya bintiye. Na kidani nacho hutungwa, kama utendi unavyotungwa. Kitenzi ni kimoja. Mama anamvisha mwanawe shairi. Basi pale nilipoona utii peke yake palikuwa pia na elimu inayotoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamke, na mtunzi anayeijua thamani ya kazi yake.

Tashbihi nazo zifanyie hivyohivyo. Kuhusu mume anasema: "Mtunde kama kijana / asioyua kunena." "Mtunde" ni mtunze, na kijana hapa ni mtoto mdogo, asiyejua kusema. Je, ni unyenyekevu? Ndiyo. Radhi ya mume mama anaihesabu pamoja na ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama, na hilo usilifiche kwa kuwa halikupendezi. Lakini itazame picha yenyewe: kati ya mlezi na mtoto asiyejua kusema, nani ameishika nyumba? Andika yote mawili. Zinanisikitisha insha zinazomfanya mama huyu mtumwa mtupu, na zile zinazomfanya mwanaharakati wa leo zinanisikitisha vilevile, kwa kuwa zote mbili zimemnyamazisha.

Halafu usome kwa sauti, ukipumua kila baada ya kipande cha mizani nane. Ukiweza, msomee mtu mzima wa nyumbani kwenu, nyamaza, umsikilize anapokatiza usomaji wako. Shangazi alinikatiza kwenye "Maradhi yamenshika." Akaniambia nirudie.