Uliza Mshika Kibendera: Uwanja umefungwa, mechi inaendelea

Safu hii inaandikwa na mwamuzi msaidizi mstaafu. Wiki hii barua zote tatu zimetoka kwa watu waliozuiwa kuingia uwanjani.

Shikamoo Mzee. Timu yangu imeadhibiwa, na mechi zote za nyumbani zilizobaki zitachezwa bila mashabiki. Miaka yote nimesimama nyuma ya goli nikiimba mpaka sauti inakauka. Sasa niko kwenye kochi mbele ya runinga. Nikiwasha kelele za mashabiki za kutengenezwa nachukia, nikizizima naona kama natazama mazoezi, na kipindi cha pili usingizi unanichukua. Nifanyeje? Na nijibu kweli: kutokuwepo kwetu kunabadilisha chochote, au tulikuwa tunajidanganya? – Binti wa Nyuma ya Goli

Marahaba binti. Naanza na swali la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma. Hamkuwa mnajidanganya hata kidogo.

Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja, ligi nyingi zilichezwa mbele ya viti vitupu, na tukaona wazi mashabiki wana uzito gani. Katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2020/21, ambao karibu wote ulichezwa bila watu, timu za ugenini zilishinda mechi 153 na za nyumbani 144. Kabla ya msimu huo, katika historia yote ya daraja la juu nchini humo, wageni hawakuwahi kuwapita wenyeji kwa ushindi. Watafiti waliochambua mechi za namna hiyo Ulaya waliona jambo jingine: ile tabia ya wageni kuonyeshwa kadi nyingi za njano kuliko wenyeji ilipungua. Hilo halikunishangaza. Mimi nimekimbia kando ya mstari na kibendera mkononi, jukwaa zima likiwa nyuma ya shingo yangu. Beki wa ugenini akimgusa winga wa nyumbani, mlio wa watu unafika kabla akili haijamaliza kupima tukio. Mwamuzi hujizoeza kutoufuata. Kutousikia hawezi.

Na wachezaji wanajua. Ligi ya Ujerumani iliporejea tarehe 16 Mei 2020, Borussia Dortmund waliichapa Schalke 4-0. Kipenga cha mwisho kilipolia, wachezaji wa Dortmund walikwenda, wakiwa wameachiana nafasi, hadi mbele ya jukwaa lao la kusini linalobeba zaidi ya watu 24,000 wakiwa wamesimama. Halikuwa na mtu. Wakalisalimia vilevile kama wanavyofanya likiwa limejaa.

Sasa hizo kelele. Sikio lako halikukosea kuzikataa. Umati wa kweli hutangulia tukio: nyinyi mliopo jukwaani mnamwona winga anachomoka pembeni wakati mpira bado uko kwa kiungo, na mnaanza kuinuka kabla pasi haijapigwa. Kelele za studio zinabonyezwa na mtu anayetazama picha kama wewe, kwa hiyo huja baada ya tukio. Runinga moja ya Uingereza mwaka 2020 ilichukua sauti hizo kutoka mchezo wa kompyuta wa FIFA, na ikampa mtazamaji hiari ya kuzikataa. Kama king'amuzi chako kina hiari hiyo, zikatae.

Ukishazikataa, usikae ukisubiri uwanja wako wa zamani urudi. Sikiliza uliopo. Kuna mechi nyingine ndani ya mechi ambayo nyinyi mnaoimba hamjawahi kuisikia, na mimi niliipata kwa sababu tu nilikuwa mita chache kutoka kwa wachezaji. Kipa hanyamazi. Anamwita beki wake wa kati, anamwambia apande, ashuke, kuna mtu mgongoni. Beki wa pembeni anamwambia winga wake, "Geuka, uko peke yako." Kocha anarudia neno moja mpaka wachezaji wanalichukia. Thomas Müller, aliyechezea Bayern Munich ya Ujerumani mpaka mwaka 2025, alipachikwa jina la Radio Müller kwa sababu ya mdomo huo, na viwanja vilipokuwa vitupu dunia nzima ilimsikia akiipanga timu kwa sauti. Agosti 2020 Bayern waliifunga Barcelona 8-2 bila shabiki hata mmoja jukwaani, na Müller alifunga mawili.

Sauti hizo zitakurudishia kitu ambacho kamera imekunyang'anya. Ukiwa nyuma ya goli ulikuwa unachagua pa kuangalia. Runinga inakuchagulia, nayo hufuata mpira. Kwa hiyo chagua mchezaji mmoja kila kipindi, ikiwezekana kiungo mkabaji, umtafute kila kamera inapopanuka. Beki akipiga kelele ya onyo, jua kuna mtu nje ya picha anakuja. Baada ya mechi chache utamjua kabla hajaonekana. Hapo usingizi hautakupata.

Na toka kwenye kochi. Aliyezoea kusimama akilazwa, mwili unaelewa kwamba kazi imekwisha. Vaa jezi, simama angalau dakika za mwanzo na kila kona, na uimbe kama kuna wa kuimba naye. Mtafute yule aliyekuwa anasimama pembeni yako uwanjani. Wengi wetu tumekumbatiana na watu hao kwa miaka bila kujua majina yao, nao wanaumia kama wewe.

Mzee, kila mara jirani anapiga kelele za goli wakati kwangu mpira bado uko katikati. Natazama kwa simu. Nimechoka. – Mpenda Soka

Kosa ni la njia unayotumia. Mechi inayopita kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo, vinasindikwa, vinatumwa, na simu yako hulimbikiza vipande kadhaa kabla ya kuonyesha ili picha isikwame. Ukijumlisha hayo unachelewa sekunde nyingi, mara nyingine nusu dakika na zaidi. Antena na dishi huwahi, na redio kwa kawaida huwahi zaidi. Ukiweza, tumia dishi. Ukishindwa, zima arifa zote za matokeo, usiguse kundi la marafiki mpaka mapumziko, na kila ukisimamisha picha kwenda kunywa maji, kumbuka kurudi kwenye matangazo ya moja kwa moja, maana ucheleweshaji huo utabaki nao mpaka mwisho. Jirani mwombe mtazame pamoja. Ana picha ya haraka kuliko yako.

Klabu yetu inauza picha za mashabiki zilizobandikwa kwenye maboksi ili zipangwe vitini. Mwanangu anaililia. Mama yake anasema ni kutupa pesa. – Baba wa Watoto Wawili

Mnunulie, kwa sharti moja: klabu iseme wazi pesa inakwenda wapi. Timu ndogo huishi kwa viingilio, na geti likifungwa mishahara ya watunza uwanja ndiyo hutetereka kwanza. Mwaka 2020 mashabiki wa Borussia Mönchengladbach walijaza uwanja wao kwa maelfu ya picha za namna hiyo, na wazo lilitoka kwa mashabiki wenyewe. Mimi naliheshimu sana jambo hilo.

Kabla ya kulipa, uliza picha itawekwa upande gani. Kamera kuu hukaa upande mmoja wa uwanja na kutazama ule wa pili. Waombe wamweke mtoto jukwaa linalotazamana nayo, la sivyo atakaa chini ya kamera msimu mzima bila kuonekana hata mara moja.