Viatu vya Dorothy: fedha au vyekundu?

Dada, umesema mwanao amesoma kuwa viatu vya Dorothy, yule msichana aliyepeperushwa na kimbunga hadi nchi ya Oz, ni vya fedha, nawe unakumbuka vyekundu. Mwanao hajakosea na wewe hujakosea. Kwenye kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, The Wonderful Wizard of Oz, viatu vya Dorothy ni vya fedha, kama alivyosoma yeye. Vyekundu ulivyoviona wewe ni vya filamu ya The Wizard of Oz ya 1939. Studio ilikuwa na rangi za Technicolor, yaani teknolojia ya filamu za rangi, ikataka zionekane hasa, na wekundu wa rubi ndio unaowaka juu ya ile barabara ya matofali ya njano anayoifuata Dorothy.

Mimi linaloniudhi si viatu, ni mwisho. Filamu inamwamsha Dorothy kitandani kwao Kansas, Marekani, eti alikuwa akiota! Kitabuni kimbunga kiliichukua nyumba kweli, na Dorothy anaporudi anakuta Mjomba Henry ameshajenga nyingine. Shangazi Em ndiyo kwanza ametoka kumwagilia kabichi. Viatu vimemdondoka njiani, amebaki na soksi.

Halafu watengeneza filamu wameacha kitu kitamu. Kitabuni, kabla ya kuingia Mji wa Zumaridi, mji wa kijani anakokaa mchawi wa Oz, kila mtu anavalishwa miwani ya kijani inayofungwa kwa ufunguo, hata mbwa Toto. Ukishavaa, utaonaje rangi nyingine? Muulize mwanao kama alilishtukia hilo, wengi hulipita.

Kuhusu kumwonyesha filamu mdogo wake wa miaka mitano, mwonyeshe tu, nyimbo atazipenda. Ila wakitokea wale nyani wenye mabawa, uwe umekaa naye. Mwanangu aliingia chini ya kanga yangu hakutoka mpaka wameondoka.